Gari Lisilo na Nembo

 

Leo nataka tuzungumze habari za gari lisilo na jina. Ni dogo, limekaa chini, lina siti mbili, halina paa, pua yake ni ndefu. Ukilizunguka unatafuta nembo ya kiwanda, huioni. Liko nyuma ya gereji limefunikwa turubai, au limebaki uani kwa marehemu na warithi hawajui walifanye nini. Magari ya namna hii yapo duniani kote. Mtu mmoja alipata injini huku na chasisi kule, akagonga bodi kwa mkono wake, akatoka na gari la spoti ambalo halina pacha.

Kila linapoonekana, watu wawili husimama mbele yake. Wa kwanza anauliza, "Hili ni gari gani?" Wa pili hajamaliza hata kulizunguka, anajibu, "Hiyo si Toyota tu, wamebadilisha bodi." Na mazungumzo yanaishia hapo. Huyu wa pili ndiye aliyenileta kwenye kipaza sauti leo. Swali la gari limetoka wapi ni swali zuri sana. Linataka jibu kamili, na jibu kamili likipatikana halimpunguzii fundi kitu. Linamwongezea.

Basi tulisome gari hilo pamoja, taratibu, kama vile fundi mzoefu angelisoma.

Anza na sumaku, ile ndogo uliyoitoa kwenye spika mbovu. Ipitishe kwenye bodi. Ikinasa, hilo ni bati la chuma. Isiponasa, gonga kwa kidole. Alumini inalia kwa sauti nyembamba, na ukikwaruza mahali palipojificha, chini ya fenda kwa mfano, unaona weupe unaong'aa. Faiba inalia kwa sauti butu, na kwa upande wa ndani utaona nyuzi zimelala ovyo kwenye gundi iliyokauka. Ikinasa hapa na kuteleza pale, umekutana na puti. Fundi aliijaza mahali bati lilipokataa kukunjika, na puti nene sana inakwambia alikuwa na haraka au hakuwa na nyundo za kazi hiyo.

Sasa lala chini. Najua udongo wa Dodoma ni mwekundu na unang'ang'ania nguo, lakini ukweli wote wa gari uko uvunguni. Ukikuta uti mpana wa bati unaopita katikati ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma, na injini iko nyuma haina rejeta, hapo una Volkswagen Beetle chini yako. Inua siti ya nyuma, au mahali ilipokuwa siti ya nyuma, usugue kwa msasa juu ya ule uti: namba ya chasisi imegongwa pale. Tazama magurudumu. Beetle za zamani zina boliti tano kwenye duara pana la milimita 205. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi zikawa na boliti nne kwenye duara dogo la milimita 130. Kisha chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Beetle kamili ni sentimita 240. Ukikuta imepungua kama sentimita 36, fundi wako alikata sakafu na kuiunga upya, kwa njia iliyoenezwa na Bruce Meyers huko California miaka ya 1960. Meyers alikuwa mtengenezaji wa boti za faiba, akatengeneza bodi nyepesi ya faiba kwa ajili ya kukimbia mchangani. Alijaribu kuilinda mahakamani isiigwe, akashindwa, na nakala zake zikazagaa duniani kwa maelfu.

Kama si Beetle, huenda ukakuta reli mbili za chuma za umbo la sanduku, na springi bapa zilizopangwa kwa tabaka mbele na nyuma. Pima tena. Land Rover fupi ya zamani mara nyingi ni inchi 88, ndefu ni inchi 109. Namba yake itafute upande wa kulia mbele, karibu na kishikio cha springi. Nchi hii iliendeshwa na Land Rover kwa miaka mingi: serikalini, misheni, hospitalini. Si ajabu ikawa mama wa magari mengine.

Magari ya vijana wa leo yanasomeka kwa namna nyingine. Chasisi ni skwea paipu, zile zile zinazotumika kwa fundi mageti. Injini ni ya bodaboda, ya cc 125 au 150, na nguvu inafika nyuma kwa mnyororo. Hapa angalia jambo moja: gari linarudi nyuma vipi? Injini ya bodaboda haina gia ya kurudi. Kama fundi ametumia injini ya bajaji amepona, kwa sababu bajaji inarudi nyuma. Kama ametumia ya bodaboda na gari bado linarudi nyuma, mwulize alifanyaje, umsikilize kwa makini, maana hapo ndipo alipolala macho usiku.

Tukija kwenye umri, kuna mtego. Vifaa vya zamani vya Kiingereza vinasaidia: vifaa vingi vya umeme vya Lucas viligongwa mwezi na mwaka, na kioo cha Triplex kilikuwa na vidoti karibu na jina vinavyoficha tarehe. Lakini taa hupasuka na kubadilishwa, kioo vivyo hivyo. Ukikuta taa ya 1972, haina maana kwamba gari ni la 1972. Tafuta kifaa ambacho kisingeweza kubadilishwa bila kukata bodi: bawaba iliyochomelewa, kishikio cha pedali, bomba lililozibwa ndani ya bati. Gari haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kifaa cha namna hiyo. Hapo ndipo pa kuanzia hesabu.

Halafu tazama weldi zenyewe. Ya gesi hulala laini, na bati pembeni yake hubadilika rangi. Ya umeme huwa na mabonge na magamba. Na kila fundi ana mkono wake, kama mwandiko: mwingine anaanza kulia, mwingine anarukaruka, mwingine anarudia mara mbili kwenye kona. Mzee aliyekaa gereji miaka thelathini anaweza kutazama weldi akakutajia jina la aliyeichoma.

Kuna kipimo kimoja nakipenda kuliko vyote. Gari la spoti lililotoka kiwandani Ulaya linakaribia kugusa ardhi. Lililojengwa kwa ajili ya barabara zetu utalijua tumboni: limeinuliwa, na chini ya sampu kuna bamba nene la chuma la kuzuia mawe. Anayeuliza Mtanzania anataka gari la mbio la nini, namkumbusha Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kama Coronation Safari na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966, na tena 1967, washindi walikuwa Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, kwa Peugeot 404, gari la familia lililoimarishwa. Vijana waliosimama kando ya barabara wakila vumbi la magari yale walirudi nyumbani na mawazo.

Na uwanda huu wa kati una sifa yake. Dar es Salaam hewa ya chumvi inatafuna bati mpaka linabomoka mkononi. Dodoma mvua ni kidogo na miezi ya kiangazi ni mirefu, kwa hiyo chuma kinakaa. Gari lililotelekezwa Mpwapwa miaka ya sitini linaweza kuwa na sakafu nzima mpaka leo, wakati mwenzake wa Tanga amebaki injini na rimu.

Tena sehemu hizi zimewahi kuona mashine za kuunganishwa kwa kiwango kikubwa ajabu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga Kongwa. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta mapya hayakupatikana, vita ilikuwa imemaliza chuma cha dunia, wakanunua yaliyotumika jeshini, mengi yakiwa yamechoka. Kisha kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya Sherman, ikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick: nusu Sherman, nusu Vickers. Kifaru cha vita kikaletwa kung'oa mibuyu Ugogo. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, ukavunja majembe. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36. Lakini Shervick inajulikana. Ukiwa na picha moja tu, mtaalamu atakwambia ilitoka wapi, nani aliibadilisha na kwa nini, kwa kuwa kila kitu kiliandikwa. Hakuna anayesema, "Hicho si kifaru tu."

Sasa twende Ulaya kidogo, mwaka 1948, maana mwaka ule yalizaliwa magari mawili ambayo kila fundi wa Dodoma angefaa ayajue.

La kwanza lilizaliwa Gmünd, kijiji cha milimani huko Austria. Ofisi ya familia ya Porsche ilikuwa imehamishiwa pale kutoka Stuttgart mwaka 1944 kukimbia mabomu, na karakana yao ilikuwa kwenye eneo la kiwanda cha kupasulia mbao. Hawakuwa na mitambo ya maana. Ferry Porsche, mtoto wa yule mzee aliyebuni Volkswagen, alichukua injini ya Volkswagen, giaboksi ya Volkswagen, breki na usukani wa Volkswagen, akaviweka kwenye fremu ya mabomba. Bodi ya alumini iligongwa kwa nyundo na fundi mmoja, Friedrich Weber. Siti mbili, halina paa, injini ya farasi 35, uzito kilo 585. Hebu niambie, ndugu msikilizaji, yule mtu wetu wa pili angesimama pale Gmünd angesema nini? "Hiyo si Volkswagen tu, wamebadilisha bodi." Na kwa vipuri angekuwa sahihi kabisa! Lakini lile ndilo gari la kwanza kubeba jina la Porsche.

Walipolimaliza, walifanya jambo moja la msingi. Walilipa namba, 356-001, wakalipeleka kwa serikali ya jimbo la Kärnten likaguliwe. Tarehe 8 Juni 1948 serikali ile ikalipa kibali cha gari moja, moja tu, kutembea barabarani. Gari liliuzwa Uswisi mwaka huo huo. Lakini kwa sababu lilikuwa na namba na karatasi, lilifuatiliwa, likanunuliwa tena, na leo ni mali ya jumba la makumbusho la Porsche.

La pili lilizaliwa London kaskazini. Kijana anayeitwa Colin Chapman, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuwa akiuza magari ya mtumba, alibaki na Austin Seven kuukuu ambayo hakuweza kuiuza. Austin Seven ilikuwa gari dogo la bei nafuu lililotoka mwaka 1922, na ningeweza kulizungumzia usiku kucha: BMW ilianza kutengeneza magari kwa kuiunda Austin Seven kwa leseni, na William Lyons, aliyeanzisha kampuni iliyokuja kuwa Jaguar, alianza na magari kwa kuivalisha Austin Seven bodi yake mwenyewe. Chapman akalivua lake, akalijengea bodi ya mbao nyembamba na alumini ndani ya gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel. Mwaka 1948 likawa tayari, likapewa namba OX 9292. Ile ndiyo Lotus ya kwanza. Kampuni iliyozaliwa hapo ilikuja kuchukua ubingwa wa dunia wa Formula One.

Na gari lenyewe? Limepotea. Liliuzwa mwaka 1950 likaenda kaskazini mwa Uingereza, na habari zake zikaishia hapo. Mwaka 2018, Lotus ikiadhimisha miaka sabini, iliwaomba watu watazame mabandani, gereji na maghala kama lipo mahali. Fikiria kampuni yenye wahandisi wa kila namna inatafuta gari lake la kwanza na haijui liko wapi. Yamkini yupo mtu aliyelikuta, akaliangalia, akasema, "Hiyo ni Austin Seven tu," akaliuza kwa kilo.

Turudi nyumbani. Na sisi tuna magari yetu. Kenya, mwaka 1986, Rais Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari; mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa hadharani, ikaelezwa inafika kilomita 120 kwa saa. Yalitengenezwa magari ya mfano matano, fedha zikaisha. Uganda, Novemba 2011, wanafunzi na walimu wa Makerere waliliendesha Kiira EV, gari la umeme la siti mbili. Hapa kwetu, Shirika la Nyumbu pale Kibaha, lililoundwa mwaka 1985, limetengeneza malori. Na Machi 2022 Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji ambaye wengi mnamfahamu, alizindua Dar es Salaam gari lake dogo la umeme kwa jina la Kaypee Motors. Kote huko lile neno lilifuata. Betri imetoka nje. Mota imetoka nje. Taa si za kwetu.

Ni kweli zimetoka nje, na ziandikwe hivyo, kila moja kwa jina lake. Kinachoniuma ni kwamba hatuandiki. Magari haya mashuhuri angalau magazeti yaliyataja. Lakini kwenye viwanja vya maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni, kwenye maonyesho ya VETA ya mafunzo ya ufundi na SIDO ya viwanda vidogo, kwenye MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019 na kuwaleta wabunifu wa nchi nzima hapa Dodoma, kijana analeta gari alilolijenga kwa mkono wake. Watu wanapiga picha wakiwa wamekaa ndani, kiongozi anamshika mkono, maonyesho yanafungwa. Baada ya hapo kijana hana kitu cha kulitambulisha. Kadi ya gari inataka aina, modeli, namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka wa kutengenezwa. Namba ya injini anayo, nayo ni ya bodaboda. Hayo mengine hana. Gari linarudi uani, linatolewa injini kwa kuwa injini ina soko, na skwea paipu zinakuwa geti.

Mimi ningependa vyombo vyetu vya ukaguzi viwe na njia iliyo wazi ya kulikagua gari moja, moja tu, kama walivyofanya wale wa Kärnten. Lipimwe breki, usukani, taa, mikanda. Likishindwa, fundi aambiwe kwa maandishi limeshindwa wapi ili arudi akarekebishe. Simwombei huruma mtu yeyote katika breki. Gari lisilosimama lisitoke uani, hata kama aliyelijenga ni mwanangu. Ninachomwombea fundi ni kukaguliwa, kwa sababu ambaye hajakaguliwa hawezi hata kuambiwa amekosea nini.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri ofisi yoyote. Fundi unayenisikiliza ukiwa Kizota au Majengo, kama umeanza kujenga, gonga namba yako kwenye chasisi leo, kabla ya rangi, mahali pasipofikika kwa urahisi. Nunua daftari la shilingi chache. Andika injini umeitoa kwenye pikipiki gani, namba yake ngapi, difu ni la nini, usukani wa nini, nani alikuchomelea, siku gani liliwaka mara ya kwanza. Picha zipige wakati liko mifupa, si baada ya kupakwa rangi. Bodi ikishafunikwa hakuna atakayejua ulikunja wapi.

Na wewe mwenye gari lisilo na jina uani kwa marehemu baba, usimwite mtu wa vyuma chakavu wiki hii. Chukua sumaku, futi na msasa. Washa tochi ya simu, lala chini, soma. Halafu kamtafute mzee mmoja wa gereji za zamani, wale waliokuwa vijana miaka ya sabini, ukae naye kabla hajaondoka, umwonyeshe weldi ya kwenye kona ya nyuma. Mwulize ni mkono wa nani.